Kula Kivietnamu na Rafiki: Mwongozo kwa Mtu wa Dodoma

Mtu aliyezoea nyama choma ya mnada wa Msalato anajua kazi yake mezani. Ananawa, anakata tonge, anachovya kwenye pilipili, anachota kachumbari, na kila tonge analitia ladha anayoitaka mwenyewe. Chakula cha Kivietnamu kinamtaka mlaji wa aina hiyohiyo. Bakuli linaletwa lina supu, tambi na nyama. Pembeni kuna majani mabichi, vipande vya ndimu, pilipili na vibakuli vya mchuzi wa kuchovyea, na kazi ya kukikamilisha chakula ni yenu ninyi mliokaa. Wengi wanaotoka wakilalamika kwamba "kile chakula hakina ladha" wamekula nusu yake. Nusu nyingine wameiacha kwenye sahani wakidhani ni mapambo.

Mwongozo huu ni wa watu wawili ambao hawajawahi kuingia mgahawa wa namna hiyo, au waliwahi kuingia wakaishia kuagiza wali na kuku. Nimeupanga kwa mfuatano wa siku yenyewe, kuanzia simu ya kuulizia hadi bili.

Hatua ya 1: Hakikisheni mnakokwenda wanapika Kivietnamu kweli

Hapa Dodoma ukiulizia chakula cha upande ule wa Asia, mara nyingi utaelekezwa kwenye mgahawa wa Kichina au hoteli yenye menyu ndefu ya mataifa yote. Huko unaweza kukuta sahani moja au mbili zenye jina la Kivietnamu, zimejibanza katikati ya wali wa kukaanga na kuku wa mchuzi mtamu. Si vibaya, ila usimpandishe rafiki yako bajaji kutoka Nzuguni hadi mjini kwa ajili ya sahani hiyo. Kwa Dar es Salaam, vyakula vya kigeni vimejazana upande wa Masaki, Oysterbay na Msasani, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kutoka hapa asubuhi akala mchana Masaki. Mimi na mwenzangu huuunganisha mlo huu na safari nyingine: mmoja ana semina, mwingine anafuata mzigo Kariakoo, jioni tunakutana mezani.

Kabla ya kukata tiketi au kuita bajaji, pigeni simu. Swali la kwanza: "Mna phở leo?" Neno muhimu hapo ni "leo". Phở ni supu ya tambi za mchele, na supu yake hutokana na mifupa inayochemshwa kwa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha. Mgahawa makini hupika sufuria ya siku, na ikiisha imeisha. Ukijibiwa "ipo, ila uwahi," furahi. Swali la pili: "Mnaleta na majani gani?" Jibu zuri lina mrehani, nanaa, giligilani au choroko zilizochipua. Jibu la "tunaweka saladi" linaonyesha kwamba mpishi anabahatisha. Swali la tatu linahusu nguruwe, nalo limo kwenye Hatua ya 2.

Njia nyingine ya kupata mahali pazuri ni kuwauliza wenyewe. Wavietnamu si wageni kabisa nchini: kampuni yao ya Viettel ndiyo iliyoleta Halotel mwaka 2015, na korosho zetu nyingi za kusini hupelekwa kwao zikiwa ghafi, zikabanguliwe huko. Ukimfahamu mmoja kupitia kazi au biashara, muulize yeye hula wapi akikumbuka kwao. Jibu hilo lina uzito kuliko nyota za mtandaoni, ambazo mara nyingi zinapima mandhari na taa za kupigia picha.

Hatua ya 2: Malizeni mambo matatu kabla hamjatoka nyumbani

La kwanza ni nguruwe. Mwenzangu ninayekwenda naye ni mtu wa Kondoa, Mwislamu, na mimi kitimoto nakula. Tukienda kula nyama choma suala hili linaisha kwa kuchagua jiko. Kwenye chakula cha Kivietnamu haliishi hivyo, kwa sababu nguruwe anaweza kuwemo mahali ambapo jicho halimwoni: ndani ya roli za kukaanga (vitafunwa vilivyofungwa kwa karatasi ya mchele inayoliwa), kwenye mafuta ya kukaangia, kwenye supu iliyochanganywa mifupa, na kwenye ule mkate wao, bánh mì, ambao aghalabu hupakwa ini la nguruwe lililosagwa. Roli mbichi nazo kwa kawaida huwa na kamba pamoja na vipande vyembamba vya nguruwe, hata kama kinachoonekana kwa nje ni kamba tu.

Kwa hiyo jifunzeni maneno machache ya kwenye menyu. Nguruwe huandikwa heo kwa watu wa kusini na lợn kwa watu wa kaskazini. Bò ni ng'ombe, gà ni kuku, vịt ni bata, cá ni samaki, tôm ni kamba. Ukiona chay, hiyo ni sahani isiyo na nyama. Wabudha wengi wa Vietnam hula hivyo tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, na hapa kwetu itamfaa mtu aliye kwenye Kwaresima. Hata hivyo maneno ya menyu hayatoshi. Mwulizeni mhudumu kwa Kiswahili cha wazi: "Dada, supu ya hii ya ng'ombe ina mifupa ya ng'ombe tupu? Mnakaanga kwa mafuta gani? Nyama yenu imechinjwa na nani?" Akisita, mwombeni aende jikoni akaulize. Mhudumu mzuri hakasiriki kwa swali hilo, na asiyetaka kwenda jikoni amekwishawajibu.

La pili ni mzio. Karanga husagwa juu ya sahani nyingi na huwa ndani ya mchuzi mzito wa kuchovyea roli mbichi. Kamba nao wamo kila kona. Na kuna nước mắm, mchuzi wa samaki, ambao upo karibu katika kila kitu: dagaa wa baharini na chumvi, vinapangwa ndani ya mapipa na kuachwa kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, kisha maji yake yanachujwa. Kisiwa cha Phú Quốc ndicho kinachosifika zaidi kwa bidhaa hii. Harufu yake ukiinusa kwenye chupa inatisha. Ndani ya chakula inageuka kuwa chumvi yenye utamu. Mtu asiyekula samaki kabisa aseme mapema, maana hata sahani ya mboga inaweza kuungwa nayo.

La tatu ni hela, na hapa sisi Waswahili tuna aibu isiyo na faida. Kama wewe ndiye uliyesema "twende nikakuonyeshe mahali," basi umealika, na aliyealika analipa. Kwa Wavietnamu pia ni hivyo. Kama mnachangiana, semeni kabla ya kuingia. Angalieni menyu mtandaoni au muulizie bei kwa simu, na mjue kama bei zilizoandikwa tayari zina VAT ndani yake.

Hatua ya 3: Chagueni saa

Phở kwao ni chakula cha asubuhi, kama supu na chapati ilivyo hapa kwetu, ingawa siku hizi huliwa wakati wowote. Migahawa ya huku hufungua mchana, kwa hiyo nendeni mapema mchana, supu ikiwa bado mpya na wahudumu wana muda wa kujibu maswali. Epukeni jioni za mwisho wa mwezi. Kwa walio Dodoma, kumbukeni kwamba kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa linaendelea, mji unajaa wageni na meza nzuri zinawahiwa. Pigeni simu mwekewe nafasi. Juni na Julai baridi ya jioni pia inafanya bakuli la supu liwe na maana zaidi.

Hatua ya 4: Agizeni kidogo, kwa utaratibu

Kosa la wawili wenye njaa ni kuagiza sahani tano kwa mpigo. Bakuli moja la phở ni kubwa. Lina supu nyingi, na tambi zake zinashibisha kuliko zinavyoonekana. Kwa watu wawili mimi huagiza hivi: sahani moja ya roli za kuanzia, ya kula pamoja, kisha bakuli moja la phở na sahani moja kavu, na tunaonjana, mwisho kahawa. Mkiona bado mna nafasi, ongezeni. Jiko halihami.

Roli ziko za aina mbili. Gỏi cuốn ni mbichi: karatasi laini ya mchele inayoonyesha ndani, imefungia tambi nyembamba, majani na kamba. Zile za kukaanga huitwa chả giò kusini na nem rán kaskazini, na ndizo zinazompendeza mgeni haraka. Ushauri wangu ni muanze na mbichi, halali ikiwa imethibitishwa au mkiomba ya kamba peke yake, kwa sababu roli ya kukaanga mtaila tu kama kitafunwa, lakini ile mbichi ndiyo inayowafundisha kinywa mambo ya majani na mchuzi kabla bakuli kubwa halijafika.

Sasa phở yenyewe. Jina hutamkwa karibu na "fa", fupi, sauti ikipanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza. Ukishindwa, weka kidole kwenye menyu. Ilianza kaskazini mwa Vietnam, maeneo ya Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, watu wengi wa kaskazini walihamia kusini na supu yao, na huko ikaongezewa sahani kubwa ya majani, choroko zilizochipua na michuzi mitamu. Jambo hili lina maana kwako mezani: mpishi wa mtindo wa kaskazini atakuletea bakuli lenye tambi pana zaidi, vitunguu vya majani tele na majani mengine machache, pengine na siki yenye vitunguu saumu, na hajakupunja. Wa kusini atakuletea bustani nzima.

Phở bò ni ya ng'ombe na phở gà ni ya kuku. Kwenye ya ng'ombe kuna uamuzi mmoja usioachiwa bahati. Tái ni vipande vyembamba vya nyama mbichi vinavyowekwa juu ya bakuli na kuivishwa na supu inayomiminwa ikiwa inatokota; vinafika mezani bado vina wekundu. Chín ni nyama iliyoiva kabisa. Kama rafiki yako akiona wekundu kwenye nyama anapoteza hamu, na wengi wetu tuko hivyo, mwagizieni chín na msione haya. Gân ni kano, na mpenzi wa kongoro asiikose: inalainika mpaka inateleza, na ndiyo inayoipa supu uzito. Sách ni utumbo. Bò viên ni vidonge vya nyama iliyopondwa.

Kwa sahani kavu, tafuteni yenye neno bún, yaani tambi nyembamba za mchele zinazoliwa zikiwa vuguvugu au baridi, juu yake nyama ya kuchoma, majani, karanga, na mchuzi wa kumwagia. Ipo ya ng'ombe na ya kuku. Bún chả, ile maarufu ya Hanoi, ni ya nguruwe. Bánh xèo nayo ni nzuri mno kwa watu wawili: unga wa mchele uliotiwa manjano, kusini huongezwa tui la nazi, unakaangwa mwembamba hadi unakuwa mkavu pembeni, ndani kamba na choroko zilizochipua. Ulizeni kama wanaweza kuondoa nguruwe.

Vya kuacha siku ya kwanza: chochote chenye mắm tôm, uji wa kamba waliochacha, ambao harufu yake huifika meza ya jirani, bún bò Huế, supu nyingine ya tambi, kwa asiyekula nguruwe wala damu, maana mara nyingi ina vyote viwili, na trứng vịt lộn, yai la bata lenye kifaranga ndani, hata kama mhudumu anakutania ulijaribu. Siku ya kwanza lengo ni kumfanya mwenzio atake kurudi.

Hatua ya 5: Kamilisheni bakuli

Nendeni mkanawe kwenye sinki mapema, kwa sababu huenda hakuna atakayewaletea jagi na beseni, na mikono mtaitumia.

Sahani ya majani ilipowekwa mbele yetu kwa mara ya kwanza, mwenzangu aliisogeza pembeni kwa ncha ya kidole akaniuliza, "Mwenzangu, haya malisho ya nani?" Mhudumu alisikia, akacheka, akarudi. "Ni yenu, dada. Ngoja nikuonyeshe." Akachukua kijiti cha mrehani, akayavua majani yake kuanzia juu kwenda chini kama mtu anayechambua mchicha, akayachana mara moja na kuyadondosha kwenye supu. Mvuke ulipopanda, mwenzangu akainama akanusa, na kuanzia hapo sahani hiyo haikutoka mkononi mwake.

Utaratibu ni huu. Kwanza onja supu tupu, kijiko kimoja au viwili, kabla hujatia kitu. Imeungwa tayari, na ukianza kumwaga ndimu na pilipili hutajua mpishi alifanya nini. Ndani yake kuna mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi na kitunguu vilivyounguzwa kwanza motoni, na kile kiungo chenye umbo la nyota. Pua ya mtu wa Tanzania itaikuta pilau humo, na hakuna ajabu, maana nusu ya viungo ni vilevile.

Baada ya kuonja, zamisheni choroko zilizochipua chini ya tambi, supu ikiwa bado ya moto, zilainike bila kuiva. Majani yachaneni kwa vidole, yatieni kidogo kidogo kadiri mnavyokula. Ukiyatia yote kwa mpigo yanasinyaa na kuwa mboga ya kuchemsha. Kisha ndimu, kipande kimoja, onja, amua kama unataka kingine. Pilipili iwe ya mwisho. Vipande vya pilipili mbichi huendelea kutoa ukali ndani ya supu, kwa hiyo kinachoonekana kidogo sasa kitakuwa kingi dakika tano baadaye. Wenye mazoea ya pilipili kichaa mtadhani nawatania, haya.

Mezani kuna pia chupa mbili: mchuzi mweusi mzito wenye utamu, na mchuzi mwekundu wa pilipili. Watu wengi huvikamulia moja kwa moja ndani ya bakuli mpaka supu inageuka rangi ya udongo wa Kongwa. Hapo saa zote za mifupa zimepotea. Mimina kidogo kidogo vyote viwili kwenye kibakuli cha pembeni, uchovye nyama humo, na supu iache safi.

Kisha kula. Tambi za mchele hunyonya supu na kuvimba, nyama inapoa, mafuta yanaganda. Kama una jambo zito la kumweleza rafiki yako, ndoa, mkopo, ugomvi wa ofisini, lianze wakati wa roli au lisubiri kahawa. Bakuli la phở ni la kuinamia na kukaa kimya, na kuvuta tambi kwa sauti ni ruksa.

Kwa bún na roli, mwenye kazi ni nước chấm, mchuzi mwepesi wa rangi ya chai: ule mchuzi wa samaki uliopunguzwa kwa maji, sukari na ndimu, na kutiwa vitunguu saumu na pilipili. Huo haunywewi wala haubaki kibakulini kama kachumbari iliyosahauliwa. Kwa bún umwage juu ya bakuli, uchanganye hadi chini kabisa, maana mchuzi na majani hujificha huko. Kwa roli chovya kila unapong'ata.

Hatua ya 6: Mikono na vijiti

Vijiti ndiyo hofu kubwa ya watu na ndiyo jambo dogo kuliko yote. Kijiti cha chini kilale mkononi, katikati ya kidole gumba na shahada, kikiegemea kidole cha pete, kisisogee. Cha juu kishikwe kama kalamu, na hicho tu ndicho kinachotembea. Mkono wa kushoto una kijiko cha supu. Vuta tambi kwa vijiti, ziweke kwenye kijiko, ndipo zipande mdomoni. Njia hii huokoa hata shati jeupe. Ukichoka, omba uma. Hakuna anayekuhesabia.

Na sehemu nzuri ya chakula hiki ni ya mkono. Bánh xèo hukatwa kipande, kikalazwa juu ya jani la letusi pamoja na nanaa na giligilani, kikakunjwa, kikachovywa, kikaliwa. Mgahawa mwingine huleta karatasi za mchele zikiwa kavu na bakuli la maji mjifungie roli wenyewe. Pitisha karatasi majini sekunde chache tu, itoe ikiwa bado ngumu kidogo. Italainika juu ya sahani wakati unapanga vitu. Anayesubiri ilainikie majini anaishia na gundi vidoleni. Weka vitu vichache, kwenye theluthi ya karibu nawe, kunja pembe za pembeni, kisha bingirisha ukibana. Roli yenu ya kwanza itapasuka. Ileni hivyohivyo.

Hatua ya 7: Adabu

Ni ileile tuliyolelewa nayo. Mdogo humkaribisha mkubwa kabla ya kuanza, chakula huwekwa katikati, na unampakulia mwenzio kipande kizuri kabla yako. Geni ni moja: usivisimamishe vijiti wima ndani ya bakuli la wali. Vinafanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu, na mwenyeji atashtuka hata kama hatasema. Vilaze kwenye bakuli au pembeni.

Hatua ya 8: Kahawa, na maongezi

Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazil, na kahawa yake nyingi ni robusta, jamii ileile inayolimwa Kagera. Ni kali na chungu, ndiyo maana huinywa na maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Italetwa ikiwa kwenye kichujio kidogo cha bati, phin, kilichokaa juu ya glasi yenye maziwa chini, ikidondoka tone moja moja. Usikiminye kichujio wala kukitikisa. Ikimaliza kudondoka, toa kichujio, koroga kutoka chini hadi rangi iwe moja, kisha mimina kwenye barafu ikiwa mmeagiza ya baridi, cà phê sữa đá. Kwa mwenye kisukari, iagizeni nyeusi, na mseme bila sukari, kwa sababu hata nyeusi huja imetiwa.

Wakikuambia wana kahawa ya yai, iagizeni moja mgawane. Ilibuniwa Hanoi mwaka 1946, wakati maziwa yalipokuwa adimu, na mhudumu wa hoteli aliyeitwa Nguyễn Văn Giảng, aliyepiga kiini cha yai na sukari hadi kikawa povu zito la kuweka juu ya kahawa. Haina shombo ikipigwa vizuri. Ni tamu kiasi kwamba kikombe kizima ni cha mtu mmoja mwenye moyo.

Huu ndio wakati wa lile jambo zito. Kahawa inadondoka polepole, tumbo limetulia, na hakuna kinachopoa.

Hatua ya 9: Bili

Mei 2016, Barack Obama akiwa rais wa Marekani alikula bún chả na mpishi Anthony Bourdain kwenye mgahawa wa kawaida wa Hanoi, wamekaa kwenye viti vidogo vya plastiki, na bili ya wawili ilikuwa dola 6. Alilipa Bourdain. Nalitaja hili ili msije mkadhani mmeibiwa: kwao hiki ni chakula cha mtaani, huku kwetu tambi, mchuzi wa samaki na karatasi za mchele vinaagizwa kutoka nje, na mgahawa wenyewe uko kwenye eneo la kodi kubwa. Mtalipa bei ya mgahawa wa kigeni.

Pitieni bili mstari kwa mstari kabla ya kulipa, hasa vinywaji. Mkichangiana, mmoja alipe yote kwa simu na mwingine amrushie hapohapo mezani, kabla ya kusimama. Deni la chakula likishavuka mlango linakuwa gumu kulikumbusha. Daini risiti ya EFD. Mhudumu aliyewafundisha kuchana majani mwachieni tipu mkononi mwake.

Hatua ya 10: Mkibakiza

Phở isifungwe ilivyo. Mwombeni mhudumu atenge supu kwenye chombo chake, tambi na nyama kwenye kingine, majani kwenye mfuko mkavu. Vikifungwa pamoja, mkifika nyumbani tambi zimeinywa supu yote. Roli mbichi zilieni palepale, kwani kwenye friji karatasi inakuwa ngumu na kupasuka. Za kukaanga zirudisheni kwenye kikaango, si kwenye maikrowevu. Supu ichemsheni hadi itokote kabisa, mwagieni tambi kwenye bakuli, na majani msiyatie mpaka mmeshakaa.